Kondoo wa Uisdean

Asubuhi ya mazishi ya Uisdean, kaka yangu Fearchar aliniambia kwamba anakwenda kisiwani Orasaigh kuchukua kondoo.

Nilikuwa nimeshavaa gauni jeusi. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi mkononi, akiutazama mguu wake wa kushoto kama vile ni wa mtu mwingine. Nyonga ilikuwa imekwisha. Tangu majira ya kuchipua alikuwa kwenye foleni ya kupasuliwa, na kuinama hakuwezi kabisa.

"Leo?" nikamwambia. "Kijiji kizima kinazika, wewe unakwenda kukimbizana na kondoo?"

"Tufani inaingia kesho, na maji ni bamvua, yatajaa kuliko kawaida. Leo mchana yakishapwa ndiyo nafasi ya mwisho. Nivishe soksi."

"Juzi hukuona kama kuna kondoo?"

"Oighrig. Soksi."

Nikamvisha kwa hasira, nikaivuta mpaka akaguna. Nilijua anakimbia nini. Yeye na Uisdean walikua pamoja, nyumba na nyumba. Waliiba mayai pamoja, wakaenda kufanya kazi melini pamoja, wakarudi pamoja. Halafu Uisdean akajenga upya uzio wa mpaka, Fearchar akasema waya umeingia kwetu hatua nzima, Uisdean akasema mbele za watu kwamba Fearchar ni mwongo, na ndiyo ikawa basi. Miaka tisa hawasalimiani. Uisdean alipougua nilikuwa nakwenda kumwona kila Jumapili. Nikirudi, Fearchar haniulizi kitu, ila naikuta redio imezimwa, naye amekaa kimya akingoja niseme mwenyewe.

Peke yake nisingemwacha. Kwa nyonga ile hata geti la kwanza asingeweza kushuka akalifungua na kupanda tena. Nikavua gauni jeusi, nikavaa suruali ya mvua na mabuti, nikimtukana kwa sauti ya kumtosha kusikia.

Pikipiki yetu ya magurudumu manne tuliinunua kwa mtu wakati mama angali hai, na hata wakati huo ilikuwa imeshazeeka. Kwa wiki kadhaa kabureta yake ilikuwa inavuja. Fearchar aliweka kopo la jemu chini yake bandani, na kila asubuhi aliyarudisha mafuta yaliyodondoka kwenye tangi.

"Itengeneze hiyo," nilikuwa namwambia.

"Inavuja kidogo tu. Hata wewe unakoroma kidogo tu, mbona sijakupeleka gereji?"

Tulivuka na tela nyuma, maji yakiwa yamepwa kabisa. Kutoka kwetu mpaka Orasaigh ni mchanga mtupu, karibu maili mbili, na mkondo mmoja tu unaokatiza karibu na ufukwe wetu. Maji yakiwa nje, mkondo huo unauvuka kwa mguu bila kulowa magoti. Yakirudi, huo ndio unaojaa kwanza, wakati wewe uko katikati ya mchanga mkavu unajiona salama. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma.

Kisiwani Fearchar alinituma upande wa pili nikafunge geti la ukuta. Niliporudi, Fraoch, mbwa wetu, alikuwa amelala ulimi nje, na tela limeshajaa kondoo na kufungwa komeo. Tela letu lina mbao ndefu ubavuni, unaona masikio tu.

"Umewahi," nikasema.

"Mbwa ndiye amewahi. Nipandishe, twende."

Tulikuwa katikati ya mchanga injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Fearchar akabonyeza stata. Ikazunguka, haikushika. Harufu ya petroli ikatupanda puani wote wawili, na nilipoinama nikaona: kile kimpira cha chini ya kabureta hakikuwa kinadondosha tena, kilikuwa kinamwaga kama bomba la jikoni.

"Kidogo tu, eh?" nikasema.

"Si sasa, Oighrig."

Alifunga koki ya petroli, akangoja, akajaribu tena. Kila alipobonyeza, stata ilizunguka kwa uvivu zaidi. Akaacha kabla betri haijafa. Nikageuka kutazama upande wa bahari. Kulikuwa na mstari mweupe ambao nusu saa iliyopita haukuwepo.

Nikampigia Lachlann, mwenye trekta. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia mkewe. Nikampigia mwalimu. Nikapiga namba zote nilizokuwa nazo za watu wenye trekta, boti au hata farasi, na zote ziliita mifukoni mwa makoti, kanisani, zikiwa zimezimwa sauti kwa heshima ya Uisdean. Mwisho nikapiga namba ya uokoaji. Alipokea binti mwenye sauti ya upole sana. Boti, akasema, itatoka bandari ya upande wa pili wa kisiwa. Helikopta imekwenda kwenye meli ya wavuvi mbali baharini. Labda saa nzima, pengine zaidi kidogo.

"Mama, mnaweza kutembea?"

"Mimi naweza," nikasema, nikakata simu.

Fearchar alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Basi nenda," akasema. "Ukianza sasa utavuka mkondo maji yakiwa kiunoni. Mimi nitakaa na mbwa."

"Ukae na mbwa mfanye nini, mpige soga?"

"Nimesema nenda!"

"Nimesikia. Haya, niambie naanza na skrubu ipi."

Alinitazama. Nadhani alitaka kunipiga kofi, na kama angeweza kushuka kwa haraka angenipiga. Badala yake alipitisha mkono chini ya kiti akanipa mfuko wa vifaa: bisibisi, plaizi na kitambaa.

Nikalala chali kwenye mchanga uliolowa. Maji ya baridi yakapenya shingoni yakateremka mgongoni. Yeye aliinamia tangi kadiri nyonga ilivyomruhusu, akinielekeza mambo asiyoweza kuyaona.

"Chini ya kabureta kuna kibakuli. Kimeshikwa na skrubu nne."

"Naziona. Moja imeshika kutu."

"Ibane na plaizi. Usilazimishe, itakatika."

"Nisilazimishe, na maji yanakuja?"

"Oighrig, nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu maishani. Nikatulia. Skrubu tatu zilitoka kwa bisibisi, ya nne nikaitoa kwa plaizi, robo mzunguko, robo mzunguko, huku petroli ikinichuruzikia mkononi na kuniunguza penye michubuko. Kibakuli kikatoka. Ndani kulikuwa na mchanga mwembamba kama unga.

"Kuna boya," akasema. "Linaning'inia kwenye kipini. Boya likipanda linasukuma kisindano kidogo kinachoziba tundu la mafuta. Mchanga utakuwa umekaa hapo, kwa hiyo kisindano hakizibi. Kitoe ukifute, na tundu lake ulifute. Basi. Ni hilo tu."

Ni hilo tu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilisukuma kipini kwa ncha ya bisibisi, kikagoma, nikasukuma tena, kikachomoka ghafla. Boya likaniangukia kifuani. Nikalidaka. Kisindano sikukidaka. Nilikiona kikimeta mara moja, kitu kisichozidi punje ya mchele, kikatumbukia kwenye dimbwi lililokuwa limeshajaa pembeni ya bega langu.

Niligeuka kifudifudi nikaanza kupapasa. Nilichota mchanga kwa viganja, nikauchuja, nikachota tena. Dimbwi lilikuwa linapanuka nikiliangalia. Maji yalishafika, membamba, yakija kimyakimya yakibeba povu, na kila yaliposukuma yalisawazisha mchanga niliouchimba.

"Umekiona?" Fearchar akauliza kutoka juu.

Nikachota tena mchanga.

"Oighrig. Tundu umeshalifuta?"

"Kimeanguka."

"Nini kimeanguka?"

"Kisindano! Kisindano kimeanguka majini, nakitafuta, sikioni, sikioni Fearchar!"

Nilingoja anitukane. Badala yake akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Basi acha. Acha kutafuta. Amka ukimbie."

Nikakaa kwenye maji nikalia. Nina miaka sitini na moja, na nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Fraoch akaja kunilamba sikio. Nilimsukuma, akarudi, na nadhani huo upuuzi wa mbwa ndio uliozindua akili yangu.

"Bila kisindano inakuwaje?" nikauliza.

"Mafuta yanaingia tu, hakuna cha kuyazuia. Kibakuli kinafurika, injini inakabwa."

"Lakini koki inayazuia."

"Ukifunga koki hakuna mafuta, inazima."

"Kwa muda gani? Kibakuli kikijaa halafu nikafunga, inakwenda mpaka wapi?"

Akafikiri. Niliona midomo yake ikitembea. "Mwendo kidogo. Kama kutoka nyumbani mpaka barabarani."

"Halafu nafungua tena."

"Halafu unafungua tena," akasema polepole. "Kabla haijafa. Na unafunga kabla haijakabwa. Mungu wangu. Rudisha kibakuli!"

Nilirudisha kibakuli kwa skrubu tatu, ya nne sikujua iko wapi wala sikuitafuta. Nilichomoa plagi, nikaifuta, nikairudisha. Magurudumu yalikuwa yameshazama mpaka katikati ya tairi.

"Kwanza tuliache tela," nikasema. "Nawafungulia kondoo wajitafutie."

"Hapana."

"Fearchar, tela lina uzito kuliko sisi!"

"Tela linakuja."

Nikamwona mwendawazimu. Sikumsikiliza, nikaenda nyuma nikafungua komeo. Kondoo wa mbele alinitazama kwa yale macho yao ya kijinga, na begani mwake kulikuwa na alama ya rangi ya bluu. Wa pili, bluu. Wote wanane, bluu. Kondoo wetu tunawapaka nyekundu. Wenye alama ya bluu walikuwa wa Uisdean.

Nilifunga komeo. Nilirudi mbele na sikujua nianzie wapi.

"Wetu wanalala juu kilimani, maji hayawafikii," akasema bila kunigeukia. "Hawa wake amewazoesha malisho ya chini. Tufani ikija juu ya bamvua wote wanakufa. Mwanawe Niall anaishi Glasgow, kaja kuzika tu, ataanzia wapi kuwatoa? Nani mwingine angekuja?"

"Ungeniambia."

"Ungemwambia Ceit." Ceit ndiye mjane wa Uisdean. "Vuta kamba."

Nikavuta kamba ya kuwashia. Mara ya kwanza, ya pili. Bega liliniwaka. Nikavuta nikipiga kelele, injini ikalipuka, ikatetemeka, ikashika. Nikaruka nyuma yake, nikamkumbatia, mkono wangu wa kushoto nikaupitisha chini ya tangi mpaka kwenye koki.

"Fungua!" akapiga kelele.

Nikafungua.

"Funga! Funga!"

Nikafunga. Pikipiki ikajivuta, tela likagoma, likakubali. Tukaenda. Yeye alishika usukani na mafuta, mimi nikashika koki, na baada ya muda hakuhitaji kuniambia kitu. Shavu langu lilikuwa mgongoni kwake na injini niliisikia kwa mifupa. Ilipoanza kulia kwa njaa nikafungua, ilipoanza kukohoa nikafunga. Mara mbili nilichelewa, ikazima, nikashuka kwenye maji kuvuta kamba tena. Mara ya pili maji yalikuwa magotini, na kamba ilinichana kiganja. Nilisali. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba nilikuwa namgombeza Mungu kama ninavyomgombeza Fearchar.

Halafu tukaufikia mkondo, nikajua tumechelewa.

Maji yalikuwa yanapita kwa kasi, ya rangi ya chai, na ng'ambo yake palikuwa pale pale, karibu kabisa. Niliona ukuta wa makaburi ufukweni, majani, na njia ya changarawe. Nyuma yetu ilikuwa bahari tupu. Mchanga haukuwepo tena.

Fearchar aliacha injini ikinguruma.

"Wafungulie," akasema.

Nilichomoa pini ya tela, nikafungua komeo. Kondoo hawakutaka kutoka. Fraoch akaingia katikati yao akibweka, wakamwagika majini mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuogelea vichwa juu. Manyoya yanapolowa kondoo huwa mzito kama gunia la mchanga. Niliona mkondo unawabeba kando. Watano walipata pa kukanyaga. Watatu walikwenda na maji kuelekea baharini, mmoja akilia njia nzima, na Fearchar alimtazama mpaka akazama.

"Twende," nikamwambia. "Kaka, twende."

Alivuta mafuta. Tuliingia. Maji yakafika kwenye miguu, yakafika kwenye kiti, injini ikatoa mvuke, nikafungua koki yote maana sasa hakukuwa na cha kubakiza. Tulivuka nusu, labda zaidi ya nusu. Kisha ikazima, na safari hii haikuwa kabureta. Pikipiki ikainuka upande mmoja, nyepesi ajabu, ikatulaza majini.

Nilimshika ukosi. Mimi miguu yangu iligusa chini, wake wa kushoto haukumfaa kitu. Kila nilipopiga hatua, maji yalinirudisha mbili. Alikuwa mzito, na alikuwa anajaribu kunibandua vidole.

"Niachie," akasema, akimeza maji. "Niachie, we mjinga."

"Mjinga wewe."

Nilianza kupiga yowe. Sikumpigia mtu, nilipiga tu. Na hapo, kando ya ukuta wa makaburi, nikaona watu waliovaa nguo nyeusi wakitembea polepole kwa mistari miwili, na katikati yao jeneza begani. Walikuwa wamemleta Uisdean.

Mstari ulisimama. Nikaona jeneza likishushwa juu ya ukuta wa mawe, kwa uangalifu, halafu wale watu wakaanza kukimbia. Walishuka ufukweni na suti zao nyeusi, viatu vyao vya kanisani, wakaingia majini wakishikana mikono, Lachlann mbele maana ndiye mrefu. Mchungaji naye alikuwemo. Mkono wa Lachlann uliponishika nywele, nilikuwa siwezi tena kufungua vidole kwenye ukosi wa kaka yangu. Walitutoa hivyo hivyo, tumeshikana.

Walimkalisha Fearchar kwenye majani, wakamvua koti, wakamvika makoti yao. Midomo ilikuwa ya zambarau. Mtu alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Kondoo watano walikuwa wamesimama njiani wakichuruzika maji, Fraoch kando yao, na Niall, mtoto wa Uisdean, alikuwa anawatazama. Kisha akaja.

"Hao ni wa baba," akasema. "Wamefikaje kwenye tela lako?"

"Niall, baadaye," Lachlann akamwambia.

"Namuuliza yeye. Miaka tisa humsemeshi mzee wangu, siku ya kumzika ndiyo unakwenda kuchukua kondoo wake?"

Nilifungua mdomo, Fearchar akanikamata mkono.

"Walikuwa wanane," akasema, meno yakigongana. "Watatu nimewapoteza."

Alisema hivyo tu. Hakujitetea. Niall alisimama akimkazia macho, kisha akageuza uso kuelekea maji. Ceit akapenya katikati ya watu. Ni mwanamke mdogo, na siku ile alionekana mdogo zaidi. Alipiga magoti mbele ya Fearchar akamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Ceit," Fearchar akamwambia. "Alisema chochote? Mwishoni. Kuhusu mimi."

Nilimwomba Mungu Ceit adanganye. Yule mama angeweza kudanganya, nani angemlaumu? Aliviangalia vifungo.

"Hapana, Fearchar," akasema. "Hakusema."

Fearchar akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei anayoijua. Kisha akaomba ainuliwe.

Walimkatalia. Walimwambia gari liko njiani, atapata homa ya mapafu. Akaanza kutambaa. Basi Lachlann na mchungaji wakampitisha mikono mabegani wakamwinua, wengine wakalichukua jeneza, tukaingia wote makaburini, nusu ya watu wakiwa wamelowa mpaka kwapani. Mchungaji alisali maji yakimtoka kwenye mikono ya koti. Jeneza likashushwa. Wanaume wakaanza kufukia kwa zamu, kama tunavyofanya siku zote, na zamu zikaenda mpaka akabaki mmoja ambaye hajashika koleo.

"Nipeni koleo," Fearchar akasema.

Hakuna aliyesogea. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika getini, na vijana wawili wenye machela walikuwa wamesimama hawajui waingie au wangoje. Niall ndiye aliyekuwa na koleo. Alilishika muda, kisha akamkabidhi kaka yangu. Fearchar alichota udongo, akayumba, mguu ukamwishia nguvu, na Niall akamshika mkanda kwa nyuma asije akaangukia kaburini.

"Haya," Niall akasema kwa ukali, bila kumtazama. "Haya mzee, tupa. Nimekushika."